Kung'oa kisiki: masika, kiangazi, au wiki chache baada ya mvua kukatika?

Kisiki kilichonifundisha kilikuwa cha mkorosho, huko Mkuranga, katikati ya kiwanja nilichotaka kujenga. Tulianza kuchimba katikati ya Aprili kwa kuamini kwamba udongo ukilowa unalainika, na ukilainika kazi inakuwa nyepesi. Siku ya kwanza ilitupa moyo. Chepe lilizama bila kusukumwa, na kufikia saa sita mchana tulikuwa tumeifunua mizizi mitatu minene. Usiku ikanyesha. Asubuhi tulikuta shimo lina maji ya magoti, kuta zimebomoka, na mchanga tuliotoa jana umerudi ndani. Tukachota maji kwa ndoo, tukachimba tena, ikanyesha tena. Siku ya nne mmoja wa vijana niliokuwa nao akaniambia, "Kaka, hapa tunachota maji tu, kisiki hatujakigusa." Nikawalipa, nikalifukia shimo ili watoto wa jirani wasije wakatumbukia, nikasubiri. Mwezi wa sita kisiki kilekile kilitoka kwa siku moja na nusu.

Baadaye nikaenda kusafisha shamba la familia nje kidogo ya Morogoro, kwenye udongo mweusi wa mbuga, nikiwa na hilo somo la Mkuranga kichwani. Nikasubiri hadi Septemba ili pakauke kabisa. Sururu ilikuwa inadunda. Udongo ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mkono, lakini pale mizizi ilipopita ulikuwa umeibana kama zege. Kwa hiyo mtu akikuuliza, "Kisiki king'olewe masika au kiangazi?", muulize kwanza kiko kwenye udongo gani, ni cha mti gani, na anataka kukiondoa kwa njia ipi. Kuchimba kuna majira yake, kuchoma kuna yake, kuozesha kuna yake, na kuzuia kisichipue tena kuna yake. Ulinganisho huu unafuata njia hizo, maana ndizo zinazokuamulia msimu.

Tukubaliane kuhusu kalenda. Pwani na kaskazini mwa Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Kenya, mvua zinakuja mara mbili: masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya na Ruvuma wana msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Tofauti hiyo ina uzito katika kazi hii. Mtu wa Bagamoyo anapata nafasi mbili kwa mwaka ambapo udongo una unyevu wa kadiri, moja mwanzoni mwa Juni na nyingine kuelekea Januari. Mtu wa Dodoma anapata moja, na akiikosa anasubiri mwaka mzima au anabeba maji.

Kuchimba kwa mkono

Hii ndiyo njia ya wengi wetu: jembe, sururu, chepe, shoka na mtaimbo. Ndiyo pia inayotegemea hali ya hewa kuliko nyingine zote.

Kwenye kichanga cha pwani, masika yakishakolea kuna shida mbili, maji kujaa shimoni na kuta kubomoka. Kiangazi kikali kina shida yake: mchanga mkavu unatiririka kama mchele. Kila chepe unalotoa, nusu yake inarudi, na unalazimika kupanua shimo kupita kiasi ili uufikie mzizi mmoja. Mchanga wenye unyevu kidogo ndio unaosimama. Kuta zinakaa wima, unaona mzizi unakoelekea, shoka linapata nafasi. Ndiyo maana kichangani nachagua wiki mbili tatu za kwanza baada ya masika kukatika, bila kusita.

Kwenye mfinyanzi na udongo wa mbuga, mambo yanabadilika. Masika udongo unanata kwenye jembe, kwenye buti, kwenye mpini; unabeba kilo mbili za tope kila unapoinua mguu. Kiangazi unakuwa tofali. Hata wiki za katikati ni chache kuliko za kichangani, kwa sababu mfinyanzi unachelewa kupitisha maji kisha unakauka juu ghafla. Hapa kuna kipimo nilichofundishwa na mzee mmoja wa Morogoro, nami sijaona kilicho bora. Chimba kina cha kiganja, chukua donge, lifinyange, kisha liachie kutoka usawa wa kiuno. Likipasuka vipande, chimba leo. Likitua bapa kama ugali, subiri siku tatu. Likishindwa hata kushikana mkononi, unahitaji maji.

Na maji yanaweza kuletwa. Hili watu hulisahau, wakadhani kiangazi kimefunga kazi. Chimba mfereji kuzunguka kisiki, upana wa jembe na kina cha mguu, umbali wa nusu mita hadi mita moja kutoka kwenye shina. Ujaze maji jioni, rudia kesho yake jioni, kisha anza kazi siku ya tatu asubuhi. Pipa moja la lita 200 linatosha kulainisha mzunguko wa kisiki cha wastani kwenye mfinyanzi. Kwenye kichanga maji hayo yanapotea chini upesi, kwa hiyo mwagilia usiku wa kuamkia kazi, basi. Kule ambako ndoo ya maji inanunuliwa njia hii ina gharama, lakini linganisha na siku mbili za vibarua wanaopigana na tofali.

Masika nayaepuka kwa sababu nyingine mbili. Mvua za kwanza zinaponyesha, kila mwenye nguvu anakimbilia shambani kwake kupanda, kwa hiyo vibarua wanaadimika. Na shimo la kisiki lililoachwa wazi na maji ndani ni mazalia ya mbu, na ni mtego kwa mtoto. Ukilazimika kuanza masika, usilale bila kulizungushia miti au kulifukia.

Kiangazi nacho kina faida yake kwa mchimbaji. Mizizi iliyokauka ni myepesi kubeba, barabara zinapitika, na unaweza kupanga siku bila kutazama mawingu. Joto la Januari na Februari pwani ndilo linaloumiza, kwa hiyo anzeni saa kumi na mbili asubuhi, mwache saa nne, mrudi saa kumi jioni. Kipupwe cha Juni hadi Agosti kina hewa ya kufanyia kazi mchana kutwa. Ndiyo maana Juni inashinda mara mbili: udongo bado una unyevu na jua halichomi.

Kabla ya kuondoka kwenye kuchimba, neno kuhusu mti wenyewe. Kama bado haujakatwa, usiukate sawa na ardhi. Acha shina la mita moja na nusu hivi. Shina hilo ni wenzo. Ukishakata mizizi ya pembeni, unafunga kamba juu kabisa na kuvuta, na uzito wa mti wenyewe unakusaidia kuuvunja mzizi mkuu. Wengi wanamwita fundi wa msumeno kwanza, anakata mti chini kabisa ili apate ubao mrefu, kisha wanabaki na kisiki kisicho na mahali pa kushika. Mwembe na mwarobaini vina mizizi mikuu inayokwenda chini sana, na bila wenzo mtashinda mnazunguka. Mkorosho unatawanya mizizi ya pembeni mbali kupita kivuli chake, kwa hiyo mfereji wake uwe mpana zaidi.

Trekta, winchi na mashine kubwa

Kiangazi kinashinda hapa, isipokuwa kwenye mchanga mzito mkavu ambako tairi za trekta zinazunguka bila kushika. Masika trekta linazama, na hata lisipozama linaukandamiza udongo uliolowa. Mahali palipokandamizwa pakiwa pamelowa, hasa mfinyanzi, mahindi yake huonekana kwa miaka: mafupi, ya njano, maji yamesimama juu. Kwa shamba la kulima, ningekubali kulipa zaidi ili mashine ije Julai kuliko kuipata kwa bei nafuu Aprili.

Winchi ya mkono haijali tope sana, ila inahitaji mahali pa kufungwa. Mti ulio hai kwenye udongo uliolowa chapachapa unaweza kung'oka wenyewe kabla ya kisiki. Na kamba iliyovutwa sana ikikatika inaua. Asisimame mtu yeyote kwenye mstari wake, iwe mvua au jua.

Kuchoma

Mti uliokatwa leo una maji mengi mno ndani yake. Kwa miti mingi yanakaribia nusu ya uzito. Moto unaowashwa juu ya kisiki kibichi unachoma gome na kukuachia kisiki cheusi kilekile. Kwa hiyo kuchoma kunataka kiangazi kimoja kamili cha kukausha, au viwili kwa miti minene. Ukikata Juni, fikiria kuchoma mwaka unaofuata.

Njia iliyonifaa ni ya polepole. Fukua udongo kuzunguka shina hadi mizizi ya juu ionekane, toboa matundu mapana kwa kekee au choronga kwa patasi, jaza makaa yanayowaka, kisha funika kwa pumba za mpunga zilizo kavu. Pumba zinafuka bila mwali kwa siku mbili tatu na kula mbao taratibu. Petroli sitaki hata kuisikia. Inalipuka juu, inaisha, kisiki kinabaki, na mtu anaungua.

Watu wanadhani kwamba ukavu mkubwa ndio wakati mzuri wa kuchoma. Kisiki kinataka ukavu, kweli, lakini majani yanayokizunguka yanatakiwa yawe bado mabichi. Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa karatasi na upepo ukivuma, cheche moja inatosha kuteketeza shamba la jirani. Zaidi ya hapo, moto unasafiri ndani ya mzizi chini ya ardhi. Unaweza kudhani umezima, kisha siku ya tatu moshi ukatoka hatua kadhaa mbali, chini ya ua wa makuti. Kwa hiyo ninachoma Juni au mwanzoni mwa Julai, kisiki kikiwa kimefunikwa bati wakati wote wa masika ili kisinywe maji kwa juu. Ninawasha alfajiri, maana pwani upepo wa bahari unaamka mchana. Ndoo za maji na chepe viwe karibu, na ofisi ya mtaa au kijiji iwe imejua, pamoja na majirani. Siku tatu baada ya moto kuisha ninachimba majivu na kugusa ardhi kwa mkono. Kama bado ina joto, kazi haijaisha.

Kuozesha

Hapa masika, yaliyoshindwa kila mahali, yanashinda kwa mbali. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu na joto. Mbao kavu haziozi, ndiyo maana mlango wa mbao wa zamani bado umesimama. Mwisho wa Februari, kabla mvua hazijaanza, toboa kisiki matundu mengi kadiri uwezavyo, jaza samadi iliyolowa au mbolea ya urea iliyochanganywa na maji, rundika udongo na majani juu, na uache masika yafanye kazi. Kiangazi kikija mwagilia mara moja moja. Kwenye mbao laini utaanza kuona matokeo baada ya msimu mmoja. Kwenye mwarobaini au mkaratusi jipange kwa miaka. Sehemu kavu kama Dodoma, mchwa ndio watakaokufanyia kazi, na hao wanafanya hata kiangazi mradi kuna udongo wenye unyevu chini.

Wengine wanamwaga chumvi. Nawasihi msifanye hivyo. Chumvi inakaa ardhini na mahali hapo pataota majani kwa shida.

Na kama kisiki ni cha mnazi, na una minazi mingine hai karibu, usikiozeshe. Chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi, huzaliana kwenye magogo na visiki vya minazi vinavyooza. Utaondoa kisiki kimoja na kupoteza minazi mitano. Habari njema ni kwamba mnazi hauna mzizi mkuu. Una mizizi mingi myembamba inayotoka kwenye kitako chake kama nywele, na haichipui ukishakatwa. Kata mizizi hiyo kwa jembe kali kuzunguka kitako, kwenye kichanga chenye unyevu wa Juni, na watu watatu wenye mitaimbo watakilaza. Kipasue na kukichoma kingali mahali pake, usikisukume pembeni mwa shamba kikaoze huko.

Visiki vinavyochipua

Mkaratusi, mwarobaini, mjohoro, mlusina, mtiki, na ule mti ambao watu wa Baringo wanauita mathenge, vyote vinachipua tena kutoka kwenye kisiki. Msonobari ukikatwa umekufa. Kwa hivi vinavyochipua, siku ya kukata mti ni muhimu kuliko siku ya kung'oa, na hapo ndipo ulinganisho wa misimu unapogeuka kinyume cha mazoea.

Wanaolima mikaratusi ya nguzo na kuni hupenda ichipue, na wanajua kwamba iliyokatwa muda mfupi kabla ya mvua kuanza inachipua kwa nguvu. Wewe unataka kinyume chake. Mti unahifadhi chakula mizizini. Mvua zinapoanza na majani mapya yakatoka kwa wingi, akiba ile imetumika na bado haijarudishwa. Ukiukata katika wiki hizo, majani mapya yakiwa yameshafunguka, unaukuta umeishiwa. Ukiukata mwisho wa msimu wa mvua, majani yakiwa yamefanya kazi miezi mitatu, mizizi imejaa, na machipukizi yatakusumbua.

Mashamba ya chai ya Afrika Mashariki yana desturi ya zamani inayotegemea jambo hilohilo. Kabla ya kukata mti wa kivuli, hubandua pete ya gome kuzunguka shina na kuuacha umesimama mwaka mmoja au zaidi. Chakula kilichotengenezwa na majani hakishuki tena, mizizi inatumia akiba yake hadi inaisha, na hata kuvu wa Armillaria, anayerithi visiki na kuhamia kwenye chai, anakosa cha kula. Kama huna haraka, fanya vivyo hivyo na mkaratusi wako. Nimefanya kwa mjohoro mmoja na sikuona hata chipukizi moja.

Mwenye haraka hutumia glaifosati, dawa ya kuua magugu, kwenye kisiki. Hapa mvua ndiyo adui: dawa inapakwa dakika chache baada ya kukata, kwenye pete ya nje chini ya gome, siku ambayo huoni wingu. Mvua ya jioni ikiiosha, umepoteza pesa na umeipeleka kwenye mfereji wa jirani. Vaa glavu, na fuata kipimo cha kwenye chupa. Asiyetaka dawa abandue gome la kisiki hadi chini ya usawa wa ardhi, avunje kila chipukizi likiwa dogo, wiki baada ya wiki, hasa wakati wa mvua. Ukiruka mwezi mmoja wa masika, umerudi mwanzo.

Mteremko na msingi wa nyumba

Kwenye milima ya Usambara, Uluguru au Kilimanjaro, ushauri wangu ni mfupi. Kama kisiki kiko kwenye mteremko na hakizuii kitu, kiache. Mizizi hata ikiwa imekufa inaushika udongo kwa muda. Ukilazimika, king'oe mwanzoni mwa kiangazi na upande majani ya kushika udongo au miti midogo mapema, ili masika yakute pameshikwa. Kung'oa Februari ni kuyafungulia maji njia.

Kwa kiwanja cha kujenga, hakuna nafasi ya kuacha kitu. Kisiki kilichofukiwa chini ya msingi kinaoza, kinaacha tundu, na kinawaita mchwa ndani ya nyumba. Mizizi minene yote itoke. Shimo lijazwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka lilowe kidogo na kushindiliwa kabla ya linalofuata. Udongo ukiwa tope haushindiliki, ukiwa vumbi haushikani, kwa hiyo kile kipimo cha donge kinakufaa hapa pia. Na kama unaweza kungoja, ng'oa Juni, jaza, shindilia, kisha acha vuli inyeshe juu yake. Mahali penye udhaifu patabonyea, utapaona kwa macho, utaongeza udongo. Mkuranga, shimo la mkorosho wangu lilibonyea kiasi cha kiganja baada ya mvua za Novemba, licha ya kushindiliwa. Tulilijaza tena Januari, na msingi ukachimbwa Februari.